Na kiwanja cha Bukoba kipate satelaiti ya kutulia ndege

Mhariri, naomba nafasi gazetini kwako. Huku Kagera mvua zikianza tu watu tunaikumbuka ile ndege ya ATR 42 iliyoingia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, walikuwemo 43, wakafa 19, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Sidai kwamba satelaiti ingewaokoa, ila nauliza rubani anayekuja kwenye kiwanja kidogo mawingu yamefunga anasaidiwa na nini?

Maana rada 4 zimesimikwa nchini, Dar, KIA (Kilimanjaro), Mwanza na Songwe, kazi nzuri kabisa, lakini rada inamwonyesha muongozaji ndege iko wapi, haimshushi rubani mpaka kwenye njia ya kutulia. GPS ya kawaida nayo haitoshi, hasa kwenye kimo, alafu sisi tuko karibu na ikweta ambako anga la juu linavuruga sana mawimbi. Ndo maana wenzetu wakaweka mfumo wa masahihisho, vituo vya chini vinapima kosa, satelaiti inarusha marekebisho na onyo la haraka kama signali haiaminiki, na rubani anaweza kushuka na mwongozo mpaka kama mita 60 juu ya ardhi bila kila kiwanja kufungiwa mitambo yake ya gharama. Marekani wanao toka 2003. India Aprili 2022 walitua nao ATR 72 pale Kishangarh, kiwanja kidogo tu, ndege ya ukoo mmoja na ile yetu, kama miezi 6 kabla ya msiba wa Bukoba. Hilo linaniuma sana jamani.

Afrika nako ASECNA ya Dakar, shirika la pamoja la nchi kadhaa la kuongoza ndege, ilianza kurusha signali ya majaribio 2020 kupitia satelaiti ya Nigeria, na majirani zetu Wakomoro ni wanachama. Sisi hatumo. Na tusidhani mawimbi yakitufikia basi ndo yetu, Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya ikapoteza Juni 2021 haki ya kutulia ndege kwa mfumo wa Ulaya wa EGNOS, na mawimbi bado yanawapitia juu ya mapaa yao. Huu ni mkataba, lazima usainiwe.

Kwa hiyo TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, na wizara watuambie wazi, tunaongea na ASECNA au tunajenga wetu na wenzetu wa Afrika Mashariki, na Bukoba, Songea na Mafia wako foleni ya ngapi. Na kampuni ndogo za ndege zipunguziwe ushuru wa vipokezi vya kunasa mawimbi hayo, maana bila kifaa ndani ya ndege huo mkataba hautamsaidia rubani yeyote.

Msomaji wako, Bukoba