Risala ya Klabu ya Usomaji ya Wavulana kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tulianza tukiwa wavulana sita nyuma ya darasa. Leo tuko thelathini na mmoja, na mabenchi hayatoshi.

Mheshimiwa, husemwa wavulana hatupendi kusoma, na takwimu zinatuumbua. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2018, unaowapima wanafunzi wa miaka 15, wasichana walituzidi kusoma katika kila nchi iliyoshiriki. Kwa nchi wanachama wa OECD, jumuiya ya nchi nyingi tajiri inayoandaa mtihani huo, tofauti ilikuwa wastani wa alama 30. Hatubishi. Lakini sisi kitabu tulikijua kama adhabu: ukipiga kelele, "Kaa hapo, soma kurasa kumi!" Ukimaliza, maswali. Nani angefurahia chakula ikiwa kila tonge lina swali lake? Na nyumbani, wengi wetu tukimwona baba ameshika karatasi, basi ni bili.

Mambo yalibadilika mwalimu wetu mlezi alipoacha kutuchagulia vitabu. Mwenzetu mmoja, ambaye hakuwahi kumaliza hadithi hata moja, alichukua kitabu cha kutengeneza baiskeli. Alikisoma amekiweka mapajani, kidole chenye grisi kikifuata mstari kwa mstari, hadi kurasa za breki zikawa nyeusi. Wiki chache baadaye akauliza, kwa sauti ya chini ili tusimcheke, kama kuna hadithi yoyote yenye baiskeli. Ilikuwepo. Aliimaliza kwa siku tatu. Wengine tumeingilia mlango wa katuni, wengine habari za mpira. Wapo walimu wanaosema katuni si kusoma. Kwa heshima zote, hapo hatukubaliani nao.

Changamoto yetu kubwa ni uchache wa vitabu. Vinavyopendwa vimeshang'oka majalada, na kabati letu halifungi. Tunaomba utushike mkono.

Ombi la pili halina gharama. Tunaomba baba na kaka zetu waje Ijumaa moja kila mwezi, wakae nasi, wasome chochote wanachokipenda, na wasituulize maswali. Tungefurahi ukianza wewe leo. Kitabu cha baiskeli kiko hapo mezani pako, mheshimiwa. Ukurasa wa breki utautambua kwa grisi.

Tunaomba kuwasilisha.