Barua ya wazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu vipimo vya vinasaba vinavyoagizwa mtandaoni

Ndugu Mkemia Mkuu,

Nakuandikia kutoka Mwanza kuhusu vipimo vinavyotangazwa kwenye simu zetu: mtu anaagiza kichupa, anatema mate hadi kwenye mstari, anakituma ng'ambo, kisha anasubiri kuambiwa asili ya mababu zake na maradhi yanayoweza kumpata.

Kujua vinasaba kuna faida, na Kanda ya Ziwa, yenye mzigo mkubwa wa selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, inalifahamu hilo. Wachumba wa Ilemela au Sengerema wanaweza kuwa wazima kabisa huku kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo, na wakioana kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Ni heri wajue kabla ya mahari kupelekwa, kuliko lawama zije kumwangukia mke peke yake. Lakini kwa hilo kipimo cha damu cha hospitali kinatosha, na anayetoa majibu yupo kuyafafanua.

Kichupa cha mate hakina mtu huyo. Fomu ya ridhaa ni kurasa nyingi za Kiingereza cha kisheria, na wengi huweka alama bila kusoma. Mwaka 2023 wadukuzi walizifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo hivi vya mate, ambayo Machi 2025 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Nywila iliyoibwa hubadilishwa, lakini vinasaba mtu anakufa navyo, tena vinawahusu ndugu na watoto ambao hawakuulizwa. Hata majibu yana mipaka: kipimo cha kampuni hiyo cha hatari ya saratani ya matiti, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2018, kiliangalia mabadiliko 3 tu ya vinasaba, yanayoonekana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Nahofia mama wa Igoma atakayeambiwa hakuna kilichoonekana, akapuuza uvimbe.

Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 iko mikononi mwako. Naomba utoe tamko kwa Kiswahili chepesi, libandikwe kliniki na katika ofisi yako ya Kanda ya Ziwa, likieleza anayetuma mate nje anatakiwa kupata kibali gani na akidhurika alalamike wapi. Na ushirikiane na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ili wanaotuuzia vipimo hivi watuletee fomu ya ridhaa kwa Kiswahili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Nyamagana, Mwanza