Barua kwa mwanangu: mota ya saa hiyo isiguswe

Mwanangu Idrisa,

Salamu nyingi kutoka Worcester. Bibi mpe shikamoo yangu.

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka nikutumie ile saa ya umeme ya Telechron uliyoiona ukutani tulipoongea kwa video, na fundi wako hapo Tanga amekwambia kazi ni ndogo: ang'oe vya ndani, aweke mashine ya betri, basi. Hilo sikubali, baba, na nataka ujue sababu.

Saa ile haina timazi ya kuyumba wala springi, wala chochote kinachohesabu muda. Ndani mna koili ya waya na kopo dogo la shaba lililozibwa. Rota, kile kinachozunguka humo, inafuata mapigo ya umeme, herzi 60 huku Marekani, yaani mapigo 60 kila sekunde, kwa mizunguko 3600 kila dakika, kisha giaa zilizolowa mafuta zinaupunguza mwendo hadi kwenye mishale. Muda wenyewe unahesabiwa kule umeme unakozalishwa.

Aliyeibuni ni Henry Warren wa Ashland, mji mdogo ulio kati ya hapa na Boston. Mota yake ilikuwa nzuri, ila umeme wa siku zile haukuwa na mwendo mmoja, kwa hiyo saa ikawa inakosea. Warren hakuirudia saa, aliuendea umeme. Alitengeneza saa kuu yenye mishale miwili, mmoja ukiendeshwa na timazi, mwingine na mota ya umeme. Mtu wa zamu kituoni alitakiwa kuhakikisha mishale inakwenda sambamba. Wa umeme ukibaki nyuma, anaongeza mwendo wa mitambo. Oktoba 1916 ikafungwa katika kituo cha umeme cha L Street, Boston. Ili saa ya jikoni iseme kweli, ilibidi kwanza umeme utiwe adabu! Hadi leo timu za shule ya sekondari ya Ashland zinaitwa Clockers, yaani watu wa saa.

Mambo haya hayajapitwa na wakati. Mwanzoni mwa 2018 Serbia na Kosovo zilivutana kuhusu umeme, herzi zikashuka kidogo katika gridi inayounganisha nchi 25 za Ulaya, na saa za majiko na redio zinazofuata umeme zikachelewa karibu dakika sita.

Sasa tuje kwako. Umeme wa Tanga ni herzi 50. Transfoma itashusha volti kutoka 230 hadi 120, lakini herzi haizigusi. Saa hii ingechelewa dakika 10 kila saa. Uiweke sawa leo adhuhuri, kesho adhuhuri itakusomea saa mbili asubuhi. Fundi wako anataka betri kwa sababu hiyo, na namwelewa. Lakini kinachobaki hapo ni gamba tu. Huku watu wanapouza vitu vya nyumba ya marehemu nazikuta saa za namna hiyo: uso mzuri, vioo safi, ukigeuza nyuma unaona kiboksi cha plastiki na mota imeshatupwa. Roho inaniuma kila mara. Mota ndiyo saa. Hata kile kidoto chekundu ulichoniuliza ni kazi yake: umeme ukikatika kinajitokeza usoni, kukuonya kwamba muda unaouona si wa kuaminika mpaka uurekebishe.

Hii nimeifufua bila kubadili moyo wake. Waya wa kitambaa niliutoa wote, kwa maana mpira wa ndani ulikuwa unapukutika kama makoko ya mkate. Koili niliipima kwa mita, ikawa nzima. Rota ilikuwa inanguruma, mafuta yamekauka. Kopo limezibwa, huwezi kumimina kitu, kwa hiyo nililipasha moto kidogo, nikalichovya upande wa ekseli kwenye mafuta mepesi, nikaliacha lipoe. Hewa ya ndani inaposinyaa inavuta mafuta yenyewe. Sasa inazunguka kimya, lazima uweke kidole ujue inafanya kazi.

Kwako naona inafaa Smiths Sectric ya Uingereza. Hizo zilitengenezwa kwa herzi 50 na volti 200 hadi 250, zitakwenda sawa kwenye umeme wenu. Nyingi za zamani zinahitaji kuanzishwa kwa mkono, kwa kitufe cha nyuma. Umeme ukikatika zinasimama mpaka uziamshe tena. Nimemwomba mama yako mdogo wa Leicester, Uingereza, akipita kwenye masoko ya vitu vya kale ageuze saa nyuma asome herzi kabla ya kulipa. Zenye namba zinazong'aa gizani nimemwambia aziache, maana rangi ya zamani ilitiwa radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari, na sitaki uje uikwangue.

Ikifika, usiichomeke. Fungua mgongo tu, kisha nipigie kwa video nione hali ya waya na koili.

Mama yako