Salamu za Shukrani: Kwa Mliotusemea Imani Mzee Wetu Alipopoteza Usemi

Bwana Yesu asifiwe.

Familia ya marehemu Mzee wetu, mwinjilisti mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Machame, Kilimanjaro, inatoa shukrani za dhati kwa wote mliokuwa nasi tangu alipougua hadi tulipompumzisha kihambani kwake, shambani pa nyumbani. Bwana alimtwaa alfajiri ya Jumapili ya pili ya Majilio. Kengele ya ibada ya kwanza ilipogongwa, alikuwa ameshatutoka. Tulitamani kumshika mkono kila mmoja wenu. Hatutaweza, ndiyo maana tunaandika.

Alianguka akikata majani ya ng'ombe. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, mdomo ukapinda. Mahali pa kwanza tulipomkimbiza tulizungushwa na habari za malipo kabla hajaguswa. Hilo tumemwachia Mungu. Hospitali ya rufaa mjini Moshi ndiko alikopigwa picha ya ubongo, tukaelezwa kwamba kiharusi kimeshika upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio unaobeba usemi.

Mguu tungeuzoea. Kilichotuvunja ni ulimi. Mtu aliyehubiri maisha yake yote alibakiwa na neno moja tu, "kesho". Akitaka maji, "kesho". Akiumwa, "kesho, kesho", na machozi ya hasira yanamtoka, kwa sababu alijua kabisa silo alilokusudia. Mama akimuuliza kama anamtambua, anaitikia kwa kichwa na kumwambia "kesho". Mama alikuwa akitoka nje ya wodi, anajifuta kwa kanga, anarudi.

Mliopita kwake kipaimara mnamjua. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, kile kitabu cha mafundisho ya imani, hukuruhusiwa kuisoma kimoyomoyo. Unasimama, unasema kwa sauti, na ukimung'unya anakurudisha kwenye swali la kitabu hicho, "Maana yake ni nini?" hadi kuku wa jirani nao waijue. Alikuwa akisema imani inatakiwa isikike kwanza na masikio yako mwenyewe, kisha anakutwanga na Warumi 10:17, kwamba chanzo chake ni kusikia. Sisi watoto tuliona ni ukali tu wa mzee.

Jioni moja wodini mama mmoja wa jumuiya yetu (amekataa katakata kutajwa jina) alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Akafungua Zaburi ya 23, akasoma "Bwana ndiye mchungaji wangu", kikohozi kikamkatisha. Kabla hajapata pumzi, sauti ikatoka kitandani: "Sitapungukiwa na kitu." Haikukwama hata silabi moja. Kijiko kikabaki hewani mkononi mwa Mama. Yule mama akawahi mstari uliofuata, Mzee akaumalizia, wakaenda hivyo wakipokezana hadi "kwa maana Wewe upo pamoja nami". Tukamuuliza sasa kama atakunywa uji. "Kesho," akajibu. Wodi nzima ilicheka, na sisi tukilia.

Daktari hakushangaa. Alituambia maneno ambayo mtu ameyashika kwa moyo miaka mingi, na nyimbo, mara nyingi hutoka hata pale mazungumzo ya kawaida yanapogoma. Tunamshukuru kwa kutueleza bila kutubeza. Hatukuona ugomvi wowote kati ya maelezo yake na shangwe yetu.

Walikuja pia waombaji waliotukataza kutamka neno "kiharusi", eti tukikitaja tunakikaribisha, na mmoja akasema Mzee angeinuka siku ileile kama nyumba hii ingekuwa na imani. Tumesamehe, ila tunasema wazi kwamba yaliuma. Mithali 18:21 inatuambia mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, nasi tumeuona uwezo huo kwa macho. Lakini Mzee hakutufundisha kumwamuru Mungu kwa midomo. Zaburi aliyoishika inalitaja bonde la uvuli wa mauti bila kuficha, ndipo inasema sitaogopa mabaya. Ndivyo tulivyosema mpaka mwisho. Homa ya mapafu ilipomshika hata zaburi ikamshinda, mkawa mnaisema ninyi yote, yeye anachezesha midomo.

Kwa huyo mama wa jumuiya, hatuna cha kukulipa. Muuguzi wa zamu ya usiku, uliyejifunza mianzo ya mistari ili umwanzishie alipohangaika, Mungu akukumbuke. Na kijana wetu wa bodaboda, Mwislamu, uliyempeleka Mama hospitali na kumrudisha bila kupokea nauli, ukimwambia kila asubuhi "Mungu atafanya wepesi, mama": alikuamini kuliko ulivyojua.

Mchungaji, nawe mwanafunzi wake wa zamani, ulipopaza sauti pale kaburini "Maana yake ni nini?" na umati ukajibu kwa ghibu, wenye mvi kwa vijana, hadi waliosimama kule migombani, tulihisi tumefarijiwa kweli.

Tunawashukuru pia Mkuu wa Jimbo, wainjilisti wenzake, wazee wa kanisa, kwaya zote (vijana mliimba mkiwa mmelowa chapachapa), akina mama wa usharika, jumuiya zote za mtaa, ndugu zetu Wakatoliki na Wapentekoste, mwenyekiti wa kitongoji, balozi wa nyumba kumi, madaktari na wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo, kikundi cha Vicoba (cha kuweka na kukopa) cha Mama, kamati ya mazishi, waliochimba kaburi, waliopika, waliofunga maturubai, waliosafiri kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, kundi la WhatsApp la ukoo, na waliotuma rambirambi kwa simu bila hata kujitambulisha.

Tunajua tumewaacha wengi. Daftari la rambirambi lilinyeshewa na kurasa nyingine hazisomeki, na siku zile hatukuwa na kichwa cha kukumbuka nani kaleta nini. Tafadhali asiwepo atakayeona amedharauliwa. Kama hukutajwa, tunakuomba radhi, tena sana, na Mungu anayeona sirini akulipe. Kama kuna tuliyemjibu vibaya katika uchungu ule, naye atusamehe.

Ibada ya shukrani itatangazwa usharikani, wote mnakaribishwa. Masufuria mawili makubwa, mwavuli mweusi na koti la suti la mtoto bado viko kwa Mama. Wenyewe mje mvichukue, chai ipo.