Risala kwa Mgeni Rasmi: Waliochimba Maboma ya Cincinnati, 1862

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, akina mama, walimu, vijana na watoto,

Shikamooni wakubwa wetu, na wengine wote habari za mchana.

Kwa niaba ya familia zinazozungumza Kiswahili hapa kaskazini mwa Kentucky, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kupanda nasi kilima hiki cha Fort Wright. Tunajua ulifundisha historia nyumbani miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Kwa hiyo risala ikirefuka kidogo utatuvumilia, na penye kasoro utatusahihisha wakati wa chakula.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tumetoka Kivu, Burundi, Kigoma na Mombasa, na baadhi ya vijana hawa walizaliwa au kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Walipoombwa wachague jambo la kujifunza msimu huu, tulidhani watachagua mpira. Wao wakauliza kwa nini miji ya jirani inaitwa Fort Wright na Fort Mitchell wakati hawaoni ngome yoyote. Swali hilo ndilo lililotuleta hapa Battery Hooper, mojawapo ya maboma ya udongo ya zamani.

Mwishoni mwa Agosti 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa katika mwaka wa pili. Jeshi la Kusini, yaani la majimbo yaliyojitenga, chini ya Jenerali Edmund Kirby Smith lililishinda vibaya jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani, karibu na mji wa Richmond, Kentucky. Septemba 2 likaingia Lexington, mji ambao leo una ndugu zetu wengi. Mbele yake ulibaki mto Ohio, na ng'ambo ya mto Cincinnati, jiji la watu zaidi ya 160,000 lenye viwanda, maghala na bandari ya mtoni, ila askari wa kulilinda walikuwa wachache mno.

Jenerali Lew Wallace, aliyekabidhiwa ulinzi wa jiji, alitangaza sheria ya kijeshi. Maduka yakafungwa. Raia akaambiwa kazi yake ni kuchimba, askari kazi yake ni kupigana. Daraja la kudumu kati ya Cincinnati na Covington lilikuwa bado linajengwa, basi matishari ya makaa ya mawe yakapangwa ubavu kwa ubavu kukatiza mto, yakatandikwa mbao, na juu yake wakapita watu, nyumbu na mizinga. Kutoka vijiji vya Ohio walikuja wakulima na bunduki zao za kuwindia, wakaitwa Wawindaji wa Kuchakulo. Orodha ya jimbo ilihesabu 15,766.

Vijana wameomba tueleze boma la udongo linavyofanya kazi, kwa maana anayeliona leo limeota majani hudhani ni mwinuko tu. Mnachimba handaki upande wa adui, na udongo wote mnautupa upande wenu, kama mkulima anavyopandisha tuta la viazi. Handaki likizidi kwenda chini, ukuta nao unazidi kwenda juu, kwa jasho lile lile. Ukuta wa mawe ukipigwa na mzinga hupasuka na vipande vyake huwarukia walio nyuma yake. Udongo ulioshindiliwa humeza kombora, na usiku mnaziba tundu kwa koleo. Juu huwekwa sakafu za mbao za kubeba mizinga, na ghala la baruti hufukiwa pembeni. Halafu kuna miti. Msitu wote ulio mbele ya boma lazima uangushwe ili adui asipate pa kujibanza, na matawi huchongwa ncha yakaelekezwa kwake. Baadhi ya kazi hizi zilianza 1861, lakini Septemba ilipofika mengi yalikuwa hayajakamilika, na mstari wenyewe ulipinda juu ya vilima hivi kwa maili zipatazo 8.

Nani aliukamilisha? Askari walichimba, makarani na wenye maduka walichimba. Lakini leo tungependa kuwataja hasa watu weusi wa Cincinnati.

Mwaka 1861, vita vilipoanza, walijitolea kulinda jiji lao, wakafukuzwa. Waliambiwa hivi ni vita vya wazungu. Mwaka mmodi baadaye jiji lilipowahitaji, halikuwaita. Polisi waliwavamia majumbani na mitaani, wakawasukuma kwa singe hadi kwenye zizi la nyumbu, kisha wakawavusha mto kuja kuchimba. Hapa ni lazima tukumbushane kwamba Ohio haikuwa na utumwa, ila Kentucky ilikuwa nao, hata kama ilibaki upande wa Muungano. Mtu mweusi huru akivushwa mto ule kwa nguvu hakuwa na hakika kwamba atarudi akiwa huru.

Septemba 4, Wallace alimkabidhi watu hao Jaji William Dickson. Jambo alilofanya jaji huyo, hata leo viongozi wengi lingewashinda: aliwarudisha nyumbani. Waage wake zao, wajiandae, warudi kesho alfajiri. Waliokuwa wameachiwa ni kama 400. Kesho yake walifika kama 700.

Walipangwa katika vikosi, wakapewa bendera yenye jina la Brigedi Nyeusi ya Cincinnati, wakavuka daraja la matishari kwa hiari yao. Kwa takribani majuma matatu walichimba mahandaki, wakatengeneza barabara za kijeshi na kuangusha misitu, mara nyingi mbele ya mistari ya jeshi, na mikononi wana koleo na shoka bila bunduki hata moja. Joseph Johns aliangukiwa na mti, akafa.

Wazazi wetu wanaofanya zamu kwenye maghala ya uwanja wa ndege, walipofika hapa kwenye somo, waliuliza kwanza kuhusu mshahara. Juma la kwanza hawakulipwa kitu. La pili walilipwa dola 1 kwa siku, la tatu dola 1 na senti 50. Tunalisema ili mtu asije akadhani kwamba heshima ya jaji iliwatosha.

Adui alifika kweli. Jenerali Henry Heth, akiwa na askari wapatao 8,000, alijaribu ulinzi karibu na ngome ya Fort Mitchel (jina la ngome lina l moja) Septemba 10 na 11, kukawa na mapigano madogo, na usiku akarudi alikotoka. Wapo wanaosema kazi yote ilipotea bure kwa kuwa Heth aliagizwa kutishia tu. Sisi hatukubaliani nao. Jiji tupu lisilo na boma lina namna ya kubadilisha maagizo ya jenerali, na wengi kati yetu tumeona miji ya namna hiyo ikiingiwa asubuhi moja.

Brigedi ilivunjwa Septemba 20, wanaume hao wakimzawadia Dickson upanga. Siku mbili baadaye Rais Lincoln alitoa tangazo lake la awali la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Kentucky halikuigusa. Mmoja wa wachimbaji, Powhatan Beaty, baadaye aliingia jeshini, na mwaka 1864 huko Virginia, maofisa wa kikosi chake walipouawa au kujeruhiwa wote, aliwaongoza wenzake. Alipewa Nishani ya Heshima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. Watoto wamekuja leo kwa magari ya wazazi, na wengine wamebaki nyumbani kwa kukosa nafasi. Tunaomba utusemee tupate basi la shule angalau mara moja kwa muhula. Tunaomba pia utusaidie kuwaona wahusika wa eneo hili tuwaandikie kipeperushi cha Kiswahili, kazi ambayo vijana wako tayari kuifanya bila malipo. Na tukishuka hapa tungependa uvuke nasi hadi mnara wa Brigedi Nyeusi, uliojengwa kando ya mto jijini Cincinnati mwaka 2012. Watoto wameandaa majina ya kusoma. Chakula kitakuwa huko huko: wali, samaki, sombe na chapati.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa mbele yako na katibu wa vijana.