Yah: Malalamiko kuhusu mambo ya chumbani kurushwa saa nne asubuhi

Meneja wa Vipindi,
Tanga.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, na redio yenu huwa wazi kibandani kwangu kutwa nzima. Nalalamikia kipindi chenu cha mahusiano cha asubuhi. Siku hizi wapiga simu wanasimulia ya kitandani hatua kwa hatua, na mtangazaji anawachochea waendelee. Jumatano iliyopita alimuuliza dada mmoja swali ambalo siwezi kuliandika hapa. Kibandani alikuwapo mama na binti yake wa darasa la sita, kaja kupimwa sare. Binti akainama, akawa anaviringisha tepu yangu kidoleni. Mama yake akaniuliza bei ya kitambaa ambayo nilikuwa nimeshamtajia.

Nikatuma ujumbe. Mtangazaji akausoma hewani, akajibu: "Redio yako, kidole chako. Asiyetaka abadili stesheni." Akaongeza kwamba Marekani kila mtu anasikiliza anachotaka, serikali haiingilii.

Hilo la Marekani si kweli. Tarehe 30 Oktoba 1973, mnamo saa nane mchana, kituo cha WBAI cha New York kilirusha maneno machafu ya mchekeshaji George Carlin. Baba mmoja aliyekuwa garini na mwanawe akayasikia, akapeleka malalamiko kwenye Tume ya Mawasiliano ya serikali ya huko. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1978 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema Tume ina mamlaka ya kuingilia, kwa kuwa redio inamfikia mtoto nyumbani kwa urahisi mno. Hawakusema maneno hayo yasitamkwe kabisa, walitazama saa. Hadi leo redio za kawaida za huko zinaachiwa nafasi ya mambo kama hayo kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Na hicho kidole ni cha nani? Kwenye daladala ya Pongwe redio ni ya dereva. Abiria kasimama, mkono mmoja kashika bomba, mwingine kamshika mtoto. Nyumba zetu za kupanga, jirani akiwasha redio, vyumba vyote vinasikia. Anayesikiliza kwenye simu yake, masikioni mwake, huyo kweli kachagua. Binti wa darasa la sita hakuchagua kitu.

Msidhani naogopa maneno. Mimi ni mwanamke wa Tanga, nimechezwa unyago. Somo wangu alinifunda mambo mazito kuliko yote mnayorusha, tena kwa nyimbo zisizoficha kitu. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, wanaume na watoto wako nje, na asiyechezwa hakukanyaga. Kila mwenye kusikia alikuwa amefika umri wa kusikia. Wazee wetu hawakuyakataza mambo hayo, waliyapa mahali pake na wakati wake, nanyi hamshindwi kufanya hivyo.

Kwa hiyo siombi serikali iwafungie. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, iliziondoa hewani nyimbo kadhaa, na vijana wakaendelea kuzisikiliza kwenye simu. Tena kipindi chenu kina kazi. Mlipokuwa mnamleta nesi, wanawake waliuliza juu ya maumivu na uzazi wa mpango, maswali ambayo wengi hawathubutu kuyasema mbele ya waume zao. Kikifungwa, hao ndio watakaopoteza.

Ninachotaka ni hiki: kihamisheni kiwe baada ya saa nne usiku, na kabla hakijaanza msikilizaji aambiwe ni cha watu wazima. Nesi arudi. Mtangazaji asahihishe hewani lile alilosema kuhusu Marekani, maana watu wameliamini. Kanuni za maudhui za mwaka 2018 zinawataka mumlinde mtoto na zimetenga saa za usiku kwa mambo ya wakubwa, kwa hiyo siwaombi hisani.

Utaratibu unamtaka mlalamikaji aanze kwenye kituo chenyewe, ndiyo maana nimewaandikia ninyi kwanza. Nijibuni kwa maandishi. Nisipojibiwa, nakala ya barua hii nitaipeleka Kamati ya Maudhui ya TCRA.

Msikilizaji wenu,
Fundi cherehani, Ngamiani