Heri ya Pasaka kutoka huku Shanghai

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, kuanzia Bibi, baba wadogo, mashangazi, wifi zangu, mashemeji mpaka watoto wetu wote, Tumsifu Yesu Kristo. Nawatakia heri na baraka za Pasaka, Mungu awape afya, amani na riziki ya halali, awafungulie palipofungwa. Najua Kwaresma hii imekuwa ndefu kwa tumbo na kwa mfuko, maana kila nikipiga simu naambiwa mafuta ya kula hayashikiki, mchele ndo usiseme, ada za watoto bado, na huku nako kodi ya chumba inakula nusu ya ninachopata, mizigo imepungua, wateja wa kontena wanasema subiri kwanza. Lakini tumefika Pasaka tukiwa hai, tushukuru.

Mwaka huu kuna jambo limenikaa moyoni. Jumapili ya Matawi baada ya misa nilienda Hongkou, wilaya mojawapo ya hapa Shanghai, mtaa wa Zhoushan, zile nyumba za matofali zilizoshikana, na sinagogi la Ohel Moshe ambalo sasa ni makumbusho ya wakimbizi wa Kiyahudi. Nimepita eneo hilo mara nyingi nikifuata mizigo ila siku hiyo nilisimama nikasoma. Jamani. Watu kama elfu 18 mpaka 20 walikimbilia hapa kutoka Ujerumani, Austria na baadaye Poland, wengi baada ya ule usiku wa Novemba 1938 masinagogi yalipochomwa na maduka yao kuvunjwa. Nchi kubwa kubwa zilikuwa zimekaa kikao Ufaransa, Evian, Julai mwaka huohuo, zikawahurumia kwa maneno halafu karibu zote zikabana milango. Shanghai ndo ilikuwa bandari ya kushuka bila viza. Pale Vienna, Austria, konsuli mkuu wa China, Ho Feng-Shan, akawa anawagongea viza tu, maana bila karatasi ya kuonyesha unakoenda Wanazi hawakuachii utoke. Wakaja kwa meli za Italia, daktari, fundi cherehani, mpiga fidla, mfukoni mark 10 za Kijerumani basi, ndo kiasi walichoruhusiwa.

Na walikuta hapa wageni wenzao wanaishi kifalme, Waingereza, Wamarekani, hata Wayahudi matajiri wa asili ya Baghdad kina Sassoon wenye hoteli ya Cathay. Vita haikuchagua. Desemba 1941 Wajapani wakachukua na ile sehemu ya mji iliyokuwa chini ya Waingereza na Wamarekani, Waingereza na Wamarekani wakavalishwa vitambaa vya mkononi vyenye herufi, na kuanzia mwanzoni mwa 1943 wakapelekwa makambini, Lunghua na kwingineko. Tarehe 18 Februari 1943 likatoka tangazo kwamba wakimbizi wasio na uraia waliofika tangu 1937 wahamie wote Hongkou kabla ya 18 Mei, eneo la kama kilomita mraba mbili na nusu ambalo tayari lilikuwa na Wachina wapatao laki moja. Sasa angalieni kalenda: Pasaka ya Wayahudi mwaka huo ilianza jioni ya 19 Aprili, ya kwetu ikawa tarehe 25. Wiki moja! Mkimbizi Myahudi anafunga vitu vyake ahamie chumba kimoja na familia nyingine, Mwingereza anasherehekea ufufuko ndani ya kambi, na siku ileile ya 19 kule Warsaw, Poland, Wayahudi wenzao wameamua kupigana na Wanazi.

Kilichonishika zaidi ni maji. Maji ya bomba hayakunyweka bila kuchemshwa na mkaa ulikuwa ghali, kwa hiyo mama aliyekuwa na mfanyakazi wa ndani kule Vienna anatoka na chupa ya chai mkononi, anapanga foleni kwa jirani Mchina anayeuza maji ya moto kwa senti chache. Chakula anapikia nje mlangoni kwenye jiko dogo, anapepea kama tunavyopepea jiko letu la mkaa, moshi machoni. Kutoka nje ya eneo ni mpaka kibali, na afisa wa vibali, Mjapani Ghoya, alikuwa anajiita mfalme wa Wayahudi, akiamua anakupa, asipoamua anakuzaba kofi. Laura Margolis, mama Mmarekani aliyeletwa 1941 na Joint, shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani, kusimamia misaada, hela kutoka kwao zilipokatika alikopa hapahapa Shanghai ili jiko la maelfu lisizimike, naye 1943 akaishia kambini. Halafu 17 Julai 1945, vita inakaribia kwisha, mabomu ya Wamarekani yakaanguka Hongkou, yakaua wakimbizi makumi na Wachina wengi zaidi.

Baada ya vita waliondoka, Marekani, Australia, Israeli. Waliozikwa hapa makaburi yao yalihamishwa nje ya mji miaka ya baadaye kisha yakapotea, mawe yenye majina ya watu yakaja kuonekana vijijini yanatumika kufulia nguo. Hapo ndo nilishindwa kujizuia nikatoka nje. Mnajua mwaka jana mama alipoondoka nauli ilinishinda, nikamzika kwa kuangalia simu, mtandao ukikata nabaki naona kioo cheusi nasikia tu kwaya. Sijawahi kuwaambia jinsi ilivyoniuma. Naomba mnaofagia pale kwake msichoke, hela ya saruji nitamalizia, na jina lake liandikwe vizuri, herufi za kuchonga, siyo rangi.

Na ndugu zangu, tusibanie watu milango. Wale Wachina wa Hongkou hawakuwa nacho, nchi yao wenyewe imetekwa, na bado walisogea wageni wakapata pa kulala. Sisi mpangaji akichelewesha mwezi mmoja tunamtolea godoro kwenye mvua, dada wa kazi akiugua tunamrudisha kwao bila mshahara, na wale wa Burundi na Congo pale kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tunawaita majina mabaya wakati wamekimbia na watoto mgongoni. Halafu Jumapili tunapokea Komunyo! Tuache. Kabla hujala pilau ya Pasaka angalia jirani kama amewasha jiko, na kama mna ugomvi wa shamba la babu muumalize sikukuu hiihii, wakubwa muanze nyie.

Niwatakie Pasaka njema, Mfufuka akae nanyi, wagonjwa wapone, wanafunzi wafaulu, wasafiri wafike salama. Nguo za watoto zipo kwenye kontena linalofuata, shangazi ndo atagawa, na dawa za presha za Bibi nimempa mtu anayeruka wiki ijayo, mumpokee uwanjani.